Mchezo Unaomfundisha Asiyeamua

Michezo ya kidijitali inayoiga kazi ya ujenzi inasifiwa kuwa njia mpya ya kufundisha usalama kazini. Mchezaji huingia katika saiti iliyochorwa kwenye skrini na kutafuta hatari: ukingo wa ghorofa usio na kizuizi, waya wa umeme uliochunika, mtaro mrefu usio na mihimili ya kuzuia udongo. Akiiona hatari hupata alama. Asipoiona huanguka, kisha huanza upya. Nakubali kwamba huko kuanza upya ni sifa kubwa, kwa kuwa saiti halisi haimpi mtu nafasi ya kujifunza kwa kuanguka. Isitoshe, picha humfikia hata kibarua asiyeweza kusoma mabango ya tahadhari.

Hata hivyo, michezo hii ina kasoro ya msingi. Inachukulia kwamba mfanyakazi huumia kwa sababu hakuiona hatari. Hapa Kampala, kibarua anayepanda jukwaa la miti ya mkaratusi akiwa na karai la zege anajua vizuri kwamba jukwaa linatikisika. Anapanda kwa sababu analipwa kwa siku, na wapo wengine langoni wanaoisubiri nafasi yake. Katika mchezo, kukataa ni kubonyeza kitufe tu. Kwenye saiti, neno "sipandi" linaweza kumnyima mtu chakula cha jioni.

Kasoro ya pili ni ya mpangilio. Wataalamu wa usalama hupanga hatua za kudhibiti hatari kwa ngazi tano: kuiondoa hatari yenyewe, kutumia njia nyingine iliyo salama zaidi, kuweka vizuizi vya kiufundi, kutoa kanuni na mafunzo, na mwisho kabisa vifaa vya kujikinga. Michezo niliyoicheza huanza na hilo la mwisho: mchezaji huvishwa kofia ngumu, fulana ya kung'aa na viatu vya usalama. Mchezo wenyewe, ukiwa mafunzo, uko ngazi ya nne.

Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali ambapo ana sababu ya kuamini kwamba uhai wake umo hatarini. Mwaka 2022 uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Katika michezo niliyoicheza, haki hiyo haitajwi.

Sisemi michezo hii itupwe, bali irekebishwe. Mosi, yawemo malipo ya siku, haraka ya kazi na sauti ya msimamizi, ili mfanyakazi afanye mazoezi ya kukataa. Pili, mkandarasi naye acheze, kwani yeye ndiye anayeamua kama mbao imara za jukwaa zitanunuliwa. Alama zake zihesabiwe kwa watu waliorudi nyumbani jioni wakiwa wazima.