Linda Thompson: Nyimbo Zake, Makoo ya Wengine

Albamu ya Proxy Music iliyotoka mwaka 2024 ina nyimbo 11. Mtunzi ni Linda Thompson, mara nyingi akishirikiana na wenzake, hasa mwanawe Teddy, na hakuna hata wimbo mmoja anaouongoza kwa sauti yake mwenyewe. Mama huyu, aliyezaliwa London mwaka 1947 na kukulia Glasgow, katika miaka ya 1970 alikuwa na sauti mojawapo nzuri kuliko zote katika muziki wa asili wa Uingereza. Ni rahisi kuisikiliza kazi hii kama zawadi ya marafiki kwa mgonjwa. Mimi nasikia ufundi wa hali ya juu, na nataka kuufungua uonekane.

Tuanze na koo. Ugonjwa uliomnyang'anya Linda sauti ni aina ya disfonia, yaani hitilafu ya sauti, inayotokana na mikazo ya misuli. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili laini iliyo ndani ya zoloto. Tukipumua hukaa mbalimbali. Tukitaka kusema au kuimba husogeleana, pumzi ikapita katikati na kuzitetemesha. Mwanamke anapozungumza tu hutetemeka mara 200 hivi kwa sekunde, na akipanda juu kwa wimbo idadi hiyo huongezeka maradufu na zaidi. Katika disfonia hii nyuzi zenyewe ni nzima. Daktari akichungulia hakuti kidonda wala uvimbe. Kasoro iko katika amri zinazotoka ubongoni: misuli hujikaza bila kutumwa, mara nyingi katikati ya neno, nyuzi zikabanana na sauti ikakatika. Kwa wagonjwa wengine hutokea kinyume chake: nyuzi huachana ghafla, pumzi ikamwagika bure.

Tofauti hii ni muhimu kwa sababu njia ya kurudi hutegemea mahali palipoharibika. Shania Twain, mwimbaji wa Kanada, naye alipoteza sauti, ila kwake chanzo kilikuwa ugonjwa wa Lyme unaoenezwa na kupe. Neva zinazoendesha nyuzi zake zilidhoofika, nyuzi zikawa hazikutani sawasawa. Hiyo ni kasoro ambayo daktari wa upasuaji anaweza kuishika. Alifanyiwa upasuaji wa koo, akawekewa vipande vya kuzisukuma nyuzi zikaribiane, akaendelea kuimba. Mwenye mikazo hana pengo la kuzibwa namna hiyo. Tiba inayotumika sana kwake ni sindano ya sumu ya botulini, inayolegeza misuli kwa miezi michache kisha nguvu yake huisha; na siku za mwanzo sauti huwa dhaifu, imejaa hewa. Mtu anayetaka kuongea na simu hupata nafuu kubwa. Mwimbaji anayehitaji kuamuru kila noti itue wapi hubaki na chombo asichoweza kukitabiri.

Linda alianza kuona dalili mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa mjamzito. Ugonjwa ulikuwa ukija na kuondoka, na katikati ya mapumziko yake alirekodi na mumewe, Richard Thompson, albamu ambazo hadi leo wanamuziki wanazisoma kama vitabu, kuanzia I Want to See the Bright Lights Tonight ya 1974 hadi Shoot Out the Lights ya 1982. Ndoa ilivunjika. Mwaka 1985 alitoa One Clear Moment, kisha ikapita miaka 17 kabla ya albamu nyingine, Fashionably Late ya 2002.

Ndani ya One Clear Moment kuna wimbo ambao kwa maoni yangu ndio ufunguo wa yote yaliyofuata. Ni Telling Me Lies, alioutunga na Betsy Cook. Mwaka 1987 Dolly Parton, Linda Ronstadt na Emmylou Harris waliuimba katika albamu yao ya pamoja, Trio, na ukateuliwa kuwania Grammy ya wimbo bora wa country. Sikiliza matoleo yote mawili. La Linda ni la upweke, mwanamke anajisemea. La wale watatu limegeuka kuwa ushahidi wa wanawake kadhaa kuhusu mwanamume mmoja, na wimbo haukuhitaji kubadilishwa maana ili uubebe mzigo huo mpya. Kumbe wimbo ulikuwa umeshonwa kiasi cha kuvalika na mwili mwingine, tangu siku ambazo mwenyewe bado aliweza kuuvaa.

Katika Proxy Music kazi hiyo inafanywa waziwazi, na kumchagua mwimbaji kumekuwa sehemu ya utunzi. Bonnie Lass umepewa The Proclaimers, ndugu mapacha wa Uskoti ambao hawajawahi kuificha lafudhi yao. Mtunzi alikulia Glasgow. Maneno yale katika kinywa cha mtu wa kusini yangesikika ya kuigiza. Shores of America, wimbo wa kuvuka bahari, uko kwa Dori Freeman wa Virginia, mwimbaji aliyelelewa katika milima ambako nyimbo za wahamiaji kutoka visiwa vya Uingereza zilitua na kuota mizizi. Kabla hajamaliza ubeti wa kwanza, sauti yake imekwisha kusema safari ilifika wapi. Darling This Will Never Do una mtindo wa kumbi za burudani za zamani, ambao Linda anaupenda mno, na anayeuimba ni Rufus Wainwright, mtu aliyewahi kurudia jukwaani tamasha zima la Judy Garland. Anajua kuvuta irabu ikaning'inia bila kuikata. Kisha kuna John Grant, wimbo unaobeba jina la mwanamuziki na kuimbwa na mwanamuziki huyohuyo. Sifa za mtu zinatoka mdomoni mwake, zikapata haya ambayo hazingekuwa nayo kwa mwingine.

Msomaji wa pwani hatashangaa kwamba mtunzi na mwimbaji ni watu wawili. Mombasa, Ahmad Nassir alitunga, binamuye Juma Bhalo akaimba, na hakuna aliyemwona malenga kuwa amepungukiwa kwa kutoshika kipaza sauti. Hata hivyo, shairi la taarab huja na mizani na vina vyake. Lina mifupa kabla ya kupata sauti. Linda alitoka katika desturi ambayo mwimbaji mwenyewe ndiye mifupa. Ilimbidi aihamishie nguvu hiyo kwenye maandishi: mistari mifupi, maneno ya kila siku, uchungu uliochanganywa na kicheko, pumzi iliyopangiwa mahali pake. Hayo ndiyo yanayozifanya sauti hizi tofauti zisikike kama kazi ya mtu mmoja.

Lipo jambo moja nisilokubaliana nalo. Albamu inafunguliwa na binti yake, Kami, katika The Solitary Traveller, na kufungwa na Teddy katika Those Damn Roches. Mpango wa damu mwanzo na damu mwisho naufahamu, na Kami ameukaribia mno mng'ao wa sauti ya mama yake. Lakini wimbo wa Teddy unazungumzia koo maarufu za wanamuziki, na asiyezijua familia hizo hubaki mlangoni akisikia wenyeji wakicheka ndani. Wimbo unaoutangulia ni Three Shaky Ships wa The Unthanks. Humo sauti za wanawake zinapandana taratibu, ala zinawapisha, na maneno ya Linda hayahitaji maelezo ya mtu yeyote. Ningeulizwa mimi, albamu ingeishia pale.