'Ka' ya Kijapani si 'je' ya Kiswahili

WANAOJIFUNZA Kijapani kupitia Kiswahili aghalabu huelezwa kwamba 'ka' ni 'je' yetu iliyohamishiwa mwishoni mwa sentensi. Maelezo hayo ni rahisi kukumbuka. Kwa maoni yangu, yanafaa kwa somo la kwanza tu. Baada ya hapo yanapotosha.

Tuanze na pale yanapofaa. Sentensi 'Tanaka-san wa sensei desu' ina maana kuwa Tanaka ni mwalimu. Ukiongeza 'ka' mwishoni, 'Tanaka-san wa sensei desu ka', umeuliza swali. Mpangilio wa maneno haubadiliki, sawa na katika Kiswahili.

Hata hivyo, 'je' ni ya hiari. Mtu akiuliza 'Umekula?', kupanda kwa sauti kunatosha. Katika Kijapani cha heshima, 'ka' ndiyo nguzo ya swali, hata pale penye neno la kuuliza: 'Toire wa doko desu ka', yaani 'Choo kiko wapi?' Ndiposa katika maandishi rasmi swali la aina hii humalizikia kwa nukta, kile kiduara kidogo cha Kijapani, wala si kwa alama ya kiulizi. 'Ka' imekwisha kuuliza. Mwongozo wa uandishi wa nyaraka za serikali uliotolewa Januari 2022 kuchukua nafasi ya ule wa 1952 unakubali alama hiyo itumiwe inapohitajika, hasa katika maandishi ya kuuelimisha umma.

Katika mazungumzo ya marafiki, mambo hugeuka. 'Ka' huachwa, sauti ikapandishwa: 'Iku?', yaani 'Unaenda?' Ukiandika 'iku' na kuweka nukta, msomaji ataelewa kwamba wewe ndiwe unayeenda. Hapa sasa alama ya kiulizi haikwepeki, kwa sababu inabeba sauti ambayo karatasi haiwezi kuitoa. Ndiyo maana imejaa katika vibonzo na jumbe za simu. Isitoshe, ukimwambia rafiki 'Iku ka?', swali lako linaweza kusikika kuwa la ukavu.

Kosa kubwa zaidi hutokea katika tafsiri. Mjapani anayesikiliza habari husema 'Sō desu ka' huku akishusha sauti. Haulizi kitu. Anasema 'Kumbe!' au 'Ahaa, sawa.' Mfasiri anayeandika 'Je, ni hivyo?' anamgeuza msikilizaji mwenye adabu kuwa mtu anayeshuku anachoambiwa. Vivyo hivyo, 'Ikimasen ka' ikitafsiriwa neno kwa neno huwa 'Je, huendi?', kana kwamba mtu anahojiwa. Kumbe ni mwaliko! Mkenya angesema tu, 'Si twende?' Naam, hata sisi hukaribisha kwa kutumia ukanushi, na hakuna anayedhani amekatazwa.

Kwa hivyo, napendekeza mwalimu asifundishe 'ka' kwa kuiwekea neno moja la Kiswahili. Amwonyeshe mwanafunzi mambo matatu: sentensi inatenda kazi gani, sauti inapanda au inashuka, na anayeambiwa ni nani. Mfasiri naye ajiulize maswali hayo kabla ya kuandika 'je'. Mara nyingi atagundua kwamba haihitajiki.