Fundi wa Kurasa 2,025

Kwenye kibanda kimoja cha kuchapa na kunakili karatasi hapa Oicha, hatua chache kutoka barabara ya taifa namba 4 ambako watu huanika kakao juu ya maturubai, niliwahi kuona barua ikigeuka mchanga. Mteja alikuwa anaandika kuomba kazi. Ghafla nusu ya chini ya kioo ikajaa chenga za rangi zote, maneno yakazama humo. Fundi hakuzima mashini. Alipitisha kidole nyuma ya kioo, akabonyeza mahali, mchanga ukaondoka. "Nape inachezacheza tu, papa," akasema, akimaanisha ule waya bapa unaopeleka picha kwenye kioo.

Ulikuwa waya uliolegea, basi. Lakini tangu siku ile, nikitaka kumweleza mtu kazi ya mafundi fulani ninaowastahi, huanzia kwenye mchanga ule. Wao huzuia mchanga unaotokana na sababu nyingine kabisa: kumbukumbu ya kompyuta imefumbwa kwa makusudi, na kadi ya picha inataka kuisoma.

Vitabu husema usimbaji fiche. Mimi nitasema kufumba, neno ambalo hata bibi yangu angelielewa. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba vipande vya kumbukumbu vikipozwa sana hubaki na yaliyomo kwa muda hata umeme ukishakatwa, na mwizi anaweza kuvisoma. Mwaka 2016 kampuni ya AMD ilichapisha mpango wa kuziba mwanya huo, na mwaka uliofuata prosesa zake za EPYC zikatoka na mpango huo. Kati ya prosesa na kumbukumbu wakaweka mtambo unaofumba kila kinachotoka na kufumbua kila kinachoingia. Ufunguo huundwa upya kila mashini inapowashwa, na hakuna programu inayoweza kuuona, hata mfumo endeshi wenyewe. Njia ya kufumba ni AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kufanywa kanuni rasmi Marekani mwaka 2001. (Ubelgiji ulituachia mengi. Hili angalau tunalitumia bila kinyongo.) Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua, lakini fumbo hili halijali kama wewe ni mwerevu.

Msomaji wa Beni au Butembo hahitaji kuelezwa kwa nini mtu afumbe orodha. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, jina lako kuonekana miongoni mwa waliomgusa mgonjwa kulitosha wateja wako wahamie meza ya jirani. Orodha za namna hiyo siku hizi huweza kulala kwenye seva ya kukodi, katika jengo la mtu usiyemjua, ng'ambo. AMD ikaongeza basi hatua ya pili: kila mpangaji ndani ya seva apewe ufunguo wake, mwenye jengo asiweze kusoma vya wapangaji.

Ujanja wote umewekwa kwenye biti moja. Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa za baiti 4,096, na mfumo endeshi una daftari linaloonyesha kila ukurasa uko wapi. AMD ilichukua biti moja ya anwani iliyoandikwa mle, ambayo kwenye EPYC za kwanza ni biti ya 47, ikaifanya alama. Ikiwa moja, ukurasa unafumbwa. Ikiwa sifuri, uko wazi.

Sasa ilete kadi ya picha. Kioo cha nukta 1,920 kwa 1,080, kila nukta baiti nne, kinahitaji baiti 8,294,400. Gawanya kwa 4,096: kurasa 2,025 kamili, bila baki. Zikiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kadi huzifuata yenyewe bila kupitia prosesa, mara 60 kwa sekunde. Kwenye mashini isiyo na wapangaji inaweza kufumbuliwa ukurasa, mradi anwani inayoitaja ibebe alama ile. Lakini biti ya 47 peke yake ni namba inayozidi trilioni 140, na kadi yenye anwani ya biti 40 huishia terabaiti moja. Haiwezi hata kuitamka. Ndani ya seva ya wapangaji hali ni ngumu zaidi: kifaa hakipewi ufunguo wa mpangaji kabisa, kwa hiyo ukurasa wanaoshirikiana lazima uwe wazi.

Kwa diski au mtandao kuna dawa rahisi. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, hutenga uwanja ulioachwa wazi, kwa kawaida megabaiti 64, data inanakiliwa humo na kifaa kinaichukua hapo. Kwa picha dawa hii haifai. Vioo vinane tu vinaujaza uwanja. Isitoshe, programu na kadi hushika kurasa zilezile kwa saa nzima, huyu akichora na yule akisoma, na nakala huchakaa kabla haijafika.

Hapo ndipo fundi wa draiva ya picha, programu inayoiongoza kadi, anapoingia. Ukurasa mmoja una wasomaji watatu: kerneli, programu inayochora, na kadi. Kila mmoja anaufikia kwa anwani yake, na wote watatu lazima wakubaliane juu ya ile biti. Wakihitilafiana, hakuna kengele inayolia. Prosesa inaandika kwa kufumba, kadi inasoma bila kufumbua, na kama picha imepangwa mstari kwa mstari, kosa la ukurasa mmoja huonekana kama uzi wa mchanga wenye unene wa nukta moja na urefu wa nukta 1,024, zaidi kidogo ya nusu ya kioo. Wala kugeuza biti hakugeuzi yaliyomo: maandishi ya zamani huwa takataka papo hapo, na nakala zilizobaki kwenye kashe, ghala dogo la prosesa yenyewe, lazima zisafishwe, la sivyo zitarudi kuharibu mapya.

Halafu kurasa zinahama. Picha iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya kadi, ambayo haifumbwi na mtambo huu, huweza kuhamishiwa kumbukumbu ya kompyuta nafasi ikibana, huku programu ikidhani haijasogea. Uhamisho huo Linux iliukabidhi kwa sehemu iitwayo TTM, iliyoingia mwaka 2009. Lakini alama ya kurasa ilikuwa ikipangwa mara moja kwa eneo zima, wakati programu inapoliomba. Mwaka 2019 Thomas Hellström, akiwa kampuni ya VMware, aliishughulikia kasoro hiyo, na mwanzoni mwa 2020 kazi yake ikaingia kwenye kerneli: kila ukurasa uwekwe na alama yake, wakati uleule programu inapougusa. Ukiisoma leo unaona kama jambo dogo. Mimi naiona kama kazi ya fundi mlango aliyegundua kwamba nyumba imepimwa sawasawa, ila tatizo ni kwamba vyumba vinatembea.

Ninachokipenda zaidi kwa watu hawa ni namna wanavyokubali kushindwa. Mwaka 2021 ilibainika kwamba prosesa za familia ya Raven, za AMD hiyohiyo, hazipatani na ufumbaji huu. Draiva ikaandikwa kwamba ikikuta Raven na kumbukumbu imefumbwa, ikatae kuanza. Mwaka huohuo kerneli ikaacha kuwasha ufumbaji bila mtumiaji kuuomba. Nimewahi kulipia matengenezo ambayo hayakuwa na uungwana wa kusema "hii siiwezi".

Mwaka 2024 mafundi wa kerneli wakagusa mwisho wa safari ya ukurasa. Ukurasa uliokuwa wazi hurudishiwa alama yake kabla ya kupewa mtu mwingine. Je, ikishindikana? Mtu mwenye haraka angeurudisha hivyohivyo kwenye hazina, mwingine aumwagie siri zake akidhani umefumbwa. Wao waliamua ukurasa huo usirudi tena. Utapotea mpaka mashini iwashwe upya.

Kazi yote hiyo iko wazi kwa yeyote. Ukipata megabaiti za kutosha, tafuta kwenye kerneli ya Linux faili inayoitwa ttm_bo_vm.c, haifiki mistari elfu moja. Katikati yake kuna maelezo ya mstari mmoja yanayosema kumbukumbu iliyo ndani ya kifaa isitiwe alama ya kufumbwa, na chini yake, amri moja fupi. Anzia hapo.