Simu ya Mkononi: Nani Kambeba Mwenzake?

Sisi wastaafu tukikutana, mazungumzo hayakawii kufika kwenye simu. Huyu atasema wajukuu hawaamkii wageni kwa kuwa macho yao yamo kwenye kioo. Yule atasimulia habari za kijana aliyevuka barabara akiwa ameziba masikio, nusura agongwe. Hukumu hutolewa upesi: vijana wameharibika. Nami husikiliza huku nikiitazama meza, maana kila hakimu katika baraza hilo ameilaza simu yake karibu na kikombe cha kahawa, na wengine wanazo mbili.

Malalamiko hayo nayaona hafifu. Sisemi kuwa ni ya uongo, bali yanalaumu macho ya kijana na kuliacha jambo lililo zito zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilitupata Watanzania milioni 61.7. Mwisho wa mwaka 2023 laini za simu zilizokuwa zikitumika nchini zilizidi milioni 70. Hata tukiwatoa wenye laini mbili au tatu, hesabu hiyo haiwezi kuwa ya vijana peke yao. Tena, kijana akinyang'anywa simu atanuna, kisha ataenda kucheza mpira. Mzee akipoteza yake amepoteza akiba, namba za wanawe, njia ya kununua umeme wa nyumbani, na pengine hata ushahidi kwamba yeye ndiye yeye. Utegemezi unaostahili kuhakikiwa ni huu wa pili.

Kwanza tuipe simu haki yake. Anayetamani kurudi enzi za Posta na Simu ama amesahau, ama hakupata kufiwa akiwa mbali na kwao. Telegramu ililipiwa kwa kuhesabu maneno, basi tukaandika kama watu wenye kwikwi: BABA MGONJWA NJOO HARAKA. Aghalabu ujumbe ulipofika, huyo aliyeitwa mgonjwa alikuwa amekwisha kuzikwa. Mwalimu wa kijijini alifunga safari hadi makao makuu ya wilaya kufuata mshahara, na darasa likabaki mikononi mwa kiranja. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na hapa kwetu Aprili 2008, ilimfikia mtu ambaye benki ilikuwa haijapata kumwona kuwa ni mtu. Mimi siko miongoni mwa wanaotaka kurudi huko nyuma.

Lakini kukitumia kitu ni jambo moja, na kukitegemea ni jambo jingine. Kipimo chake ni rahisi: kitu hicho kikiondoka, unabaki na nini? Baiskeli ikipata pancha utaisukuma, na njia bado unaijua. Simu ikizimika, kwa wengi wetu hata njia nayo imezimika. Mwombe aliye karibu nawe akutajie namba ya mkewe au ya mumewe bila kuchungulia popote. Nimewajaribu wengi, wakiwamo walimu wa hisabati. Hucheka, kisha hunyamaza.

Ndiyo sababu ule ujumbe wa matapeli unaozunguka nchi nzima, usemao "Ile hela itume kwenye namba hii", nauona kuwa ni maandishi yanayostahili kusomwa kwa makini kuliko mengi yanayochapwa vitabuni. Tuuchambue kama tulivyokuwa tukichambua kifungu cha ufahamu darasani. Ujumbe unaanza na kionyeshi "ile". Mwandishi hajui hela yoyote, hajui hata kama unayo. Lakini neno "ile" linajifanya kuwa kuna mazungumzo kati yenu ambayo yeye anayaendeleza tu. Kisha "hela", bila kutaja kiasi, ili kila msomaji ajaze deni lake mwenyewe. Kisha "namba hii", yaani si ile ya kawaida, na anakiri hivyo bila woga. Mara nyingine huongeza kwamba jina litakalotokea ni la fulani, ili hata kile kizuizi cha mwisho, jina, kisikushtue. Hakuna salamu, hakuna jina la anayeandika, hakuna la anayeandikiwa.

Mwizi huyu hakukuchunguza wewe. Anachokijua ni hali yetu sote: kila mtu ana mtu anayemngoja fedha, na hakuna anayezikumbuka namba za watu wake kwa kichwa. Zama za barua angepata taabu kubwa. Ingembidi aige mwandiko wa mwanao, aanze kwa kukujulisha kuwa yeye ni mzima na mashaka ni kwako, aulizie hali ya shangazi na ya yule mbuzi aliyekuwa na mimba. Ungemkamata kwenye habari za mbuzi. Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kupelekea taarifa za namba za matapeli, na hilo ni jambo jema, ingawa nayo ni namba nyingine ya kukumbuka.

Jirani yangu mmoja, mama mjane aliyevuka miaka 70, hutumiwa fedha na mwanawe kila mwezi. Maandishi ya kwenye simu ni madogo mno kwa macho yake. Hufika kwa wakala, humkabidhi simu, kisha hutaja tarakimu zake za siri kwa sauti kubwa, kwa kuwa pale pana kelele za bodaboda. Foleni nzima husikia. Siku ambazo miguu inauma humtuma mjukuu, naye mjukuu anazijua tarakimu hizo kuliko mwenyewe. Binti aliyeajiriwa na wakala yule ni mwaminifu, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini utaratibu ambao usalama wake ni bahati ya kumpata binti mwaminifu, kuuita wa siri ni kulidharau neno siri.

Kila nimwazapo mama huyu, nakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi, wakakaa kuizunguka redio chini ya mwembe au katika darasa la shule ya msingi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu kilichokwenda sambamba na kipindi. Walisikiliza, wakazima redio, wakajadiliana. Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Redio yenyewe ilikuwa bado ni kitu kigeni katika nyumba nyingi, lakini hakuna aliyeipeleka kijijini na kuwaambia watu wajitafutie wenyewe maana yake. Kifaa na darasa vilisafiri pamoja.

Simu ya mkononi ilikuja na tangazo la biashara, haikuja na mwalimu. Tangazo lilitufunza kununua vocha, baadaye bando. Kulinda namba ya siri halikuwa na haja ya kutufunza. Shuleni simu imejulikana zaidi kama kosa la nidhamu kuliko kama somo, na mwanafunzi anayefukuzwa leo kwa kuificha kwenye godoro ndiye kesho kutwa atakayetakiwa kuomba mkopo wa chuo kwa mtandao. Watu wazima ndio walioachwa kabisa. Waliofundishwa kusoma na kuandika kwa nguvu ya taifa zima, kusoma huku kupya wamefundishwa na mjukuu, mara moja, naye akiwa na haraka.

Na wakati huohuo milango mingine imekuwa ikifungwa. Matokeo ya mitihani tunayatafuta mtandaoni, na kulipia huduma ya serikali kunahitaji namba ya malipo inayoletwa kwa simu. Laini yenyewe inataka alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Wasiokamilisha hadi tarehe 20 Januari 2020 walianza kuzimiwa. Kila hatua ina sababu yake nzuri, na rushwa ya dirishani imepungua, nakubali. Ninachokosoa ni kuubomoa mlango wa zamani kabla ya kuhakikisha kwamba wote wamepita katika mpya. Nilifika katika ofisi moja ya umma, sitaitaja, kufuatilia karatasi. "Shikamoo mzee," kijana aliniamkia kwa adabu njema. "Marahaba." "Mtandao upo chini, mzee wangu, jaribu kesho." Nilijaribu kesho mara tatu. Nilipomuuliza kama hawana daftari la kunakilia shida yangu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kuhusu taa ya kandili. Leja zetu zilikuwa na kasoro zake, mchwa walizila na wajanja walizikwangua kwa wembe. Lakini sikumbuki leja kuwa chini, isipokuwa ilipoanguka kutoka mezani.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadhoofika kwa siku kadhaa Tanzania, Kenya na kwa majirani zetu. Wiki ile ilinifunza kitu. Wenye viswaswadu, simu ndogo za vitufe, waliendelea kutumiana fedha kwa kubonyeza nyota na reli, kwa sababu njia hiyo haihitaji intaneti. Wenye simujanja walikodolea macho duara linalozunguka. Njia ya nyota na reli wao pia walikuwa nayo, ndani ya simu ileile. Ila programu iliwaondolea haja ya kuijua. Mjukuu wangu, aliyemaliza chuo, alikuja kuniuliza, "Babu, ni nyota ngapi?"

Siku hizi Jumamosi jioni wazee sita hukutana barazani kwangu, kila mmoja na daftari la kurasa 40. Ndani yake tumeandika kwa mkono namba kumi za watu wetu, nasi huulizana kama watoto wa darasa la pili wakiimba jedwali la kuzidisha. Sheikh mmoja mstaafu ametushinda sote. Anazo kumi na nne. Tunafanya pia zoezi la kubonyeza tarakimu za siri bila kuzitamka, akina mama wakiziba kwa ncha ya khanga na sisi kwa kofia. Yule jirani yangu huja kila wiki. Tarakimu tatu za kwanza sasa anazibonyeza kimyakimya. Ya nne bado humponyoka mdomoni.