Ustadi wa Kumbukumbu Haba

Kompyuta mpakato iliyotengenezwa mwaka 2005, yenye prosesa ya biti 32 na kumbukumbu ya megabaiti 512, ambayo siku ya kununuliwa kwake ilikuwa fahari ya mwenyewe na husuda ya jirani, leo aghalabu hukutwa juu ya kabati imefunikwa vumbi, na mwenye nyumba akiulizwa sababu ya kuiweka huko hujibu kuwa imezeeka. Jibu hilo halina insafu. Kibodi yake bado inaandika, kioo chake bado kinaonyesha, bawaba zake pengine ni imara kuliko za mashine zinazouzwa leo, na prosesa yake inakwenda kwa kasi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kilichobadilika ni programu, ambazo mwaka hata mwaka zimezidisha madai yao juu ya kumbukumbu: Windows XP, iliyoridhika na hali ya mashine kama hiyo, iliachwa na wenyewe tarehe 8 Aprili 2014, na mrithi wake wa mwaka 2021, Windows 11, hakubali rasmi kusakinishwa penye chini ya gigabaiti 4, yaani mara nane ya zile 512 zilizomo.

Wapo watu wasioikubali hukumu hiyo. Huishusha mashine kabatini, huipangusa, huipulizia feni yake, kisha huisakinishia Linux ya aina nyepesi, na baada ya saa moja au mbili mashine iliyokwisha hesabiwa kuwa maiti inaandika barua, inapiga muziki na kusoma vitabu. Wanaowatazama kwa mbali husema kuwa huo ni ufundi wa ufukara, kwamba lau wangalikuwa na fedha wangalinunua mpya. Mimi nimewatazama kwa karibu, na nathubutu kusema kuwa ni ufundi wa maarifa, kwa sababu anayeutenda hulazimika kujua kila kilichomo ndani ya kumbukumbu, kimeingia kwa idhini ya nani na kinatenda kazi gani, elimu ambayo mwenye mashine ya gigabaiti 16 anaweza kuishi na kufa bila ya kuihitaji.

Uhaba wa kumbukumbu ulikuwapo tangu asili ya Linux yenyewe, na kisa chake kinafaa kuelezwa kwa utaratibu. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitangaza mwezi Agosti 1991 kuwa anatunga mfumo endeshi wa kujifurahisha nafsi yake, kwa mashine za aina ya 386, na mashine yake ilimtosha kwa muradi huo. Mwisho wa mwaka ule akaandikiwa na mtu mmoja wa Ujerumani ambaye kompyuta yake ilikuwa na megabaiti 2 tu. Mja yule alitaka kuijenga Linux kutoka kwenye matini yake ya asili kwa kutumia kompaila ya GCC, lakini kompaila peke yake ilidai zaidi ya megabaiti 1, na kazi ikamshinda kwa kukosa nafasi. Torvalds, ambaye kwa haja zake mwenyewe hakuwa na sababu yoyote ya kujisumbua, alizitumia siku za Krismasi kutunga njia ya kuhamishia kurasa za kumbukumbu diskini pale nafasi inapobana, na toleo 0.12 lilipotoka Januari 1992 lilikuja na uwezo huo, ambao Minix, mfumo waliokuwa wakiutumia wanafunzi wengi wa wakati ule, haukuwa nao. Watu walihama kwa sababu hiyo. Basi sehemu mojawapo ya utukufu wa mfumo huu, ambao leo unaendesha mitambo mikubwa kabisa ya ulimwengu, ilipatikana kwa ajili ya mtu mmoja mwenye mashine dhaifu, na sijui fundi gani wa mashine kongwe anayekijua kisa hiki asiyejiona kuwa na nasaba njema.

Hata hivyo nasaba haimlazimishi mtu kukaa kijijini. Mwezi Desemba 2012 Torvalds aliridhia, bila majonzi yoyote, kuondolewa kwa 386 katika orodha ya prosesa ambazo kiini cha Linux huzitumikia, hata mashine ile aliyoanzia kazi ikawa haiwezi tena kuwasha mfumo alioutunga ndani yake. Mifumo mikubwa ya Linux nayo ilizidi kunenepa, na kazi ya kuhifadhi wepesi ikaangukia mikononi mwa watu wachache wenye inda ya kupendeza. Barry Kauler wa Australia alitoa Puppy Linux mwaka 2003, na hila yake kuu ilikuwa kuupakia mfumo wote ndani ya kumbukumbu pale nafasi inaporuhusu, hata CD ikaweza kutolewa na diski yenye hitilafu ikaachwa ipumzike, huku mashine ikijibu kwa wepesi ambao mwenyewe hajapata kuuona tangu ainunue. Na wakati wa kuzima kwa mara ya kwanza mfumo humwuliza mtumiaji kwa adabu kama angependa kazi yake ihifadhiwe, na wapi. Naichukia tabia moja tu ya Puppy, nayo ni kumpa kila aketiye mbele yake mamlaka yote ya msimamizi mkuu bila ya kumwuliza nywila. Damn Small Linux ilijifunga kwa nadhiri ya kutopita megabaiti 50, na mmoja wa mafundi wake, Robert Shingledecker, baadaye aliondoka akatunga Tiny Core, iliyo ndogo zaidi, ambayo kwa ladha yangu imejinyima mpaka ikapitiliza. Unaonivutia kuliko yote ni antiX, uliotoka Ugiriki na kujengwa juu ya Debian, ambao watunzi wake waliazimia kuwa ufanye kazi hata katika Pentium III yenye megabaiti 256, ilimradi nafasi ya swapu, yaani ya kuhamishia kurasa, imeandaliwa diskini mapema.

Sasa nitaeleza namna kazi yenyewe inavyokwenda. Mfumo ukishawaka, fundi hufungua terminali na kuandika free -m, na mbele yake hutokea jedwali dogo la kumbukumbu na swapu. Mgeni hutazama safu iliyoandikwa free, huona idadi ndogo, mathalani 40, na moyo humruka. Mwenyeji huipita safu hiyo na kutazama ile ya mwisho, available, kwa kuwa anajua kwamba Linux haipendi kuacha kumbukumbu ikae bure, huijaza nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni kutoka diskini, na huzitupa nakala hizo mara tu programu yenye haki zaidi inapopiga hodi. Akisharidhika na hesabu ya jumla hufungua htop, huzipanga programu kwa kadiri ya kumbukumbu zinayoishika, na hapo mahojiano huanza. Huduma ya Bluetooth katika mashine isiyokuwa na Bluetooth. Huduma ya printa katika nyumba ambayo haijapata kuingia printa. Programu inayochungulia kila mara kama yapo masahihisho mapya, katika mashine ambayo mwenyewe hununua bando la intaneti kwa siku: kila moja huulizwa hoja yake, na isiyokuwa na hoja huzimwa, megabaiti 3 hapa na 12 pale. Eneo-kazi lenye madoido huondolewa, na mahali pake huwekwa IceWM, kisimamizi cha madirisha kilichoanza kutungwa mwaka 1997, ambacho kina mwambaa chini, menyu na saa, na hakina haja ya kingine.

Fundi wa kanzu aliyeletewa kitambaa pungufu hana haraka ya kushika mkasi. Hukitandaza, hukipima, huugeuza mkono na kola huku na huku mpaka vipande vyote vimeingia, na kanzu ikishavaliwa hapana mtu msikitini atakayejua kuwa kitambaa kilipungua. Ndivyo nilivyomwona mwenye mashine ya megabaiti 512 akifikiri dakika kumi kabla ya kuandika amri moja.

Fauka ya hayo iko hila ya zram, iliyokubaliwa rasmi katika kiini cha Linux mwaka 2014, ambayo huchukua sehemu ya kumbukumbu ile ile haba na kuifanya kuwa ghala la kurasa zilizobanwa, hata kurasa mbili au tatu zikaenea mahali pa moja. Asikiaye kwa mara ya kwanza hudhani ni kiinimacho, lakini malipo yake yapo, nayo hutozwa prosesa, inayotumwa kubana na kubanua bila kukoma; kwa hiyo katika mashine kongwe inafaa kuchagua njia ya kubana iliyo nyepesi, kama lzo au lz4, japokuwa ziko nyingine zinazobana zaidi. Na zram nayo ina kikomo chake. Taa ndogo ya diski inapowaka bila ya kupepesa, kishale cha panya kikaganda katikati ya kioo, na muziki ukakatikakatika, hapana budi mtu asubiri kwa saburi au aanze kuchagua programu ya kuiua.

Yako pia maradhi ya uzee yasiyohusiana na kumbukumbu, na ustadi wa kuyatambua ni sehemu ya ufundi huu. Prosesa za Pentium M za mwaka 2003 zina uwezo uitwao PAE lakini hazijitangazi kuwa nao, hata viini vingi vya Linux vikakataa kuwaka juu yake, mpaka fundi aongeze neno moja tu, forcepae, katika mstari wa kuwashia. Tena iko betri ndogo ya duara, ya ukubwa wa sarafu, inayoilinda saa ya mashine wakati umeme umezimwa. Betri hiyo ikifa, kila inapowashwa mashine huamini kuwa miaka haijapita, na kivinjari hukataa kufungua tovuti ya benki na ya gazeti, kwa kuwa vyeti vyao vya usalama, kwa hesabu ya saa hiyo, bado havijaanza kutumika. Mwenye mashine huilaumu intaneti, huilaumu kampuni ya simu, hununua bando jingine, na kumbe ila yote iko katika betri ya bei ya chai na maandazi.

Sitaki sifa hizi zimhadae mtu. Kivinjari ndicho mwamba ambapo ufundi huu hugonga. Ukurasa mmoja wa gazeti la leo, pamoja na matangazo yake na video ijiwashayo bila kuombwa, unaweza kudai kumbukumbu kuliko mfumo mzima wa antiX pamoja na kisimamizi chake cha madirisha, na hapana mahojiano yatakayousaidia, kwa maana aliyeuandika hayumo chumbani. Viko vivinjari vyepesi, Dillo na NetSurf, vinavyosoma maandishi vizuri na kushindwa na karibu kila kitu kingine. Google iliacha kutoa Chrome ya Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Mozilla ikafuata kwa Firefox mwaka 2025. Amwambiaye ndugu yake kuwa mpakato wa 2005 utamfaa kwa mikutano ya video anamdanganya. Amwambiaye kuwa utamfaa kuandikia riwaya kwa AbiWord, kufanyia hesabu za duka kwa Gnumeric na kujifunzia kuandika programu, anasema kweli tupu.

Na kazi hizo si ndogo kwetu. Katika miji ya Afrika Mashariki kompyuta nyingi huingia zikiwa zimekwisha tumika ng'ambo, na swali la kumbukumbu haba halijapata kuwa la mchezo. Kompyuta za kwanza za XO walizopewa watoto wa shule nchini Rwanda zilikuwa na megabaiti 256 tu, nazo ziliendeshwa kwa Linux. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, kazi ambayo hapana aliyehitaji kuombwa ruhusa kuifanya kwa kuwa matini ya programu ilikuwa huria. Ingawa, kwa haki, OpenOffice yenyewe haikupata kujulikana kwa kujinyima.

Debian, mama wa mifumo mingi niliyoitaja, ilitoa toleo lake la 13 mwezi Agosti 2025 bila ya kisakinishi wala kiini cha mashine za biti 32 za aina hii. Njia imezidi kuwa nyembamba, lakini haijafungwa. Mashine hizo zilizoea kuhesabu wakati kwa sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970, na nambari ya biti 32 inayoshika hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Kwa miaka kadhaa wajenzi wa kiini, wakiongozwa na Arnd Bergmann, walipita faili kwa faili wakibadilisha hesabu hiyo, na toleo 5.6 la mwaka 2020 likawa la kwanza kuweza kuivuka siku ile katika mashine za biti 32. Maktaba ya musl, ambayo programu huongea na kiini kupitia kwake, ikabadilika mwaka ule ule, na Alpine Linux, ambayo bado inazitumikia mashine hizo, ikaipokea katika toleo 3.13 la Januari 2021. Mpakato wa mwaka 2005 uliosakinishiwa Alpine utaipita asubuhi ile na saa yake itasoma sawasawa, ilimradi mtu amekumbuka kuibadilisha ile betri.