Mswada Uliofungiwa Sandukuni

Ndugu msomaji, mtu wa pwani akitajiwa Geita hukumbuka dhahabu tu. Lakini waulize wachimbaji wadogo wa huko, watakwambia kuwa jiwe lililopandishwa kutoka shimoni bado si mali. Sharti lipelekwe karasha likasagwe, lioshwe, kisha lipimwe mbele ya watu. Anayerundika mawe nyumbani kwa kuogopa kuambiwa hayana kitu, hulala njaa juu ya mali yake.

Geita ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mwanza mpaka mwaka 2012. Katika mkoa huohuo wa Mwanza, ndani ya ziwa, kimo kisiwa cha Ukerewe, na huko aliishi mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Hakuwa wa dini yetu, lakini mwenendo wake una funzo kwetu. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupatikana wa kuichapisha, kwani lugha ile ina wasomaji wachache. Miaka ikapita zaidi ya ishirini. Wengi wetu tungesema, "Nimekataliwa, basi." Yeye, katika uzee na maradhi ya viungo, alishika kalamu upya akaigeuza kazi yote kwa Kiswahili, lugha ya kujifunza. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, kurasa zaidi ya 600. Kilipigwa chapa China, na nakala zilipofika mwaka 1981 mwenyewe alikwisha fariki.

Je, kitabu chenyewe kinastahili taabu hiyo? Kwa hakika kinastahili. Ni habari ya mume na mke wasiojaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazee wake wanamchukua, na mume anakwenda kwa unyenyekevu kumwomba arudi. Zimo desturi zisizokuwa zetu, kama ile faini ya pombe anayotozwa na wakwe. Tena hadithi husimama mara kwa mara ili kueleza kilimo, uvuvi, dawa na maamkizi, hata msomaji mwenye haraka akachoka. Lakini ni mara ngapi tumesoma kitabu ambamo mume hamtupi mke kwa ajili ya utasa, wala mwandishi hamcheki kwa kumpenda? Nyumba nyingi zimevunjika kwa masimango ya namna ile. Lau mzee yule angeuacha mswada uliwe na mchwa, fundisho hilo lingezikwa pamoja naye.

Sasa tujitazame. Kiswahili ni lugha ya mama zetu, na majumbani mwetu mna tenzi zilizoishia nusu na hadithi zilizofungiwa sandukuni. Ukimwuliza mwenyewe, hujibu kuwa anaogopa ria. Ndugu yangu, ria ni kutaka kusifiwa. Kuogopa kuchekwa ni jambo jingine, na tusilivishe kanzu ya unyenyekevu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, tunayasoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyahifadhi na kuyatoa kwa wengine, mpaka yakawa kitabu mwaka 1940. Si kila mshairi atapata Sikujua wake.

Basi toa karatasi zako. Maliza beti zilizobaki, hata kama mwisho haukupendezi bado. Msomee mkeo, mumeo, au mzee ajuaye vina na mizani, naye akikukosoa umshukuru na urekebishe. Kisha peleka kazi kwa mchapishaji, na akikataa mtafute mwingine. Kipaji ni amana, na amana haikutolewa ili ifungiwe. Kitereza hakuishika nakala ya kitabu chake mkononi, lakini sisi tunaishika.