Nyumba Itakayotikiswa

Toyota HiAce ya umbo lililotoka mwaka 2004, ile iliyojaa barabarani kwetu, ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa milimita 1,695. Vipimo hivyo vina sababu. Japani huweka gari la mizigo katika daraja la magari madogo likiwa halizidi mita 4.7 kwa urefu, 1.7 kwa upana na 2 kwa kimo. Wasanifu walitumia karibu kila milimita waliyoruhusiwa, wakabakiza tano tu. Ndiyo maana sakafu ya gari hilo inamtosha mtu mzima kulala akajinyoosha, lakini kimo cha ndani ni mita 1.3 hivi. Mtu analala vizuri humo. Kusimama akapika, hawezi.

Mzee ninayemwandika hapa ameamua kuliondoa tatizo hilo kwa mikono yake. Anaishi Arusha, na kabla ya kustaafu alifanya kazi katika gereji inayogeuza Land Cruiser kuwa magari ya watalii: kurefusha chesi, kukata paa, kuweka kifuniko kinachonyanyuka ili mgeni asimame na kuangalia tembo. Sasa amenunua HiAce iliyochoka na udaladala, na chini ya mparachichi nyuma ya nyumba yake anaigeuza iwe nyumba ya safari. Yeye na mkewe wana watoto Songea, Bukoba na Tanga, nao wanataka kuwatembelea wote bila kumhamisha mjukuu kitandani.

Ana swali moja analouliza juu ya kila kipande kabla hajakigusa: barabara itakifanya nini? Nyumba ya tofali hukaa tuli ikangoja mvua. Hii itapigwa na mvua, jua na rasta za barabara ya vumbi kwa wakati mmoja, saa nzima bila kupumzika, na kila nati itakuwa inatafuta njia ya kujifungua. Nilipomwona akilijibu swali hilo, kipande baada ya kipande, nilielewa kwa nini kazi yake haina haraka.

Kazi ilianza kwenye paa. Kwanza alifungua kitambaa cha dari, akakikunja, akakihifadhi. Chini yake zikaonekana mbavu: vipande vya bati vilivyokunjwa, vinavyokatisha kutoka upande mmoja hadi wa pili. Gari la namna hii halibebwi na sakafu peke yake. Paa nalo hushiriki kulifanya bodi lisijipinde. Ukikata tundu ukaondoa mbavu mbili bila kuweka kitu mahali pake, siku gari litakapopanda tuta kwa gurudumu moja, mlango wa pembeni utaanza kukwama kwenye reli, na kioo kinaweza kupasuka bila kupigwa jiwe. Kwa hiyo Mzee huweka nguvu mpya kabla ya kuondoa ya zamani. Alitengeneza fremu ya bomba la pembe nne, milimita 25 kwa 25, akaifunga ndani ya paa kuzunguka eneo litakalokatwa.

Kuchomelea bati la gari ni kazi ya kuudhibiti moto. Bati ni jembamba, na joto likikaa mahali pamoja hulivuta likafanya mawimbi. Alifungua kwanza waya za betri ili umeme wa mashine usiunguze jenereta. Vioo akavifunika mablanketi yaliyoloweshwa, maana cheche za grenda hujichimbia kwenye kioo na haziondoki tena. Ndipo akaanza. Alichoma nukta moja kwenye kona ya mbele kushoto, akavua miwani, akahamia kona ya nyuma kulia, akachoma nukta moja, akangoja. Aliweka kiganja kwenye bati kusikiliza joto lake. Likiwa la kuvumilika, nukta nyingine. Kwa mtazamaji ilionekana kama mtu anayezunguka tu, lakini fremu ilipokamilika aliweka rula ndefu ya chuma juu ya paa, na mwanga haukupita chini yake.

Kisha akachora. Tundu ni la sentimita 120 kwa 90, na hakuvichagua vipimo hivyo kwa sababu ya kimo cha mkewe peke yake. Pembe nne yenye pande hizo, ikiwa imenyooka kweli, ulalo wake ni sentimita 150 kamili. Fundi hana haja ya kikokotoo. Ana futi kamba. Alipima kona hadi kona: 150. Akapima ulalo wa pili: 150 na milimita mbili. Akafuta mstari mmoja, akauchora upya, akapima tena zote mbili. Nilimwuliza kama milimita mbili zingeonekana. "Mwanangu," alisema bila kuinua macho, "mimi sitaziona. Maji yataziona."

Kabla ya msumeno kugusa paa, alitoboa tundu la duara kwenye kila kona kwa kekee yenye meno ya mviringo. Kona kali kwenye bati linalotikiswa huwa mwanzo wa ufa; msukosuko wote hukusanyika kwenye ncha ile. Kona ya duara huugawa msukosuko huo. Madirisha ya ndege yana kona za duara kwa sababu hiyohiyo. Baada ya hapo akakata mistari minne kwa msumeno wa umeme wa blade nyembamba, huku kijana wa jirani akilishika bati kwa chini lisianguke na kurarua kingo. Bati likatoka zima. Kukata kote kulichukua muda mfupi kuliko kupima.

Kingo mbichi hakuzipaka rangi siku ileile. Alizipitia kwanza kwa tupa, kisha msasa namba 80, kisha 180, mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa. Rangi haishiki kwenye ncha kali, hujivuta ikaacha chuma wazi, na hapo ndipo kutu huingilia. Akasafisha vumbi kwa kitambaa chenye tina, akapaka rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili, na mwishowe akavalisha mpira wa mlango kuzunguka tundu zima. Maungio ya mpira aliyaweka upande wa nyuma, ambako upepo wa safari hausukumi maji.

Kifuniko chenyewe kimewekewa bawaba mbele, kikainuka kwa nyuma. Nilidhani ni suala la mapendeleo. Sivyo: komeo likifyatuka gari likiwa mwendoni, upepo utakikandamiza kifuniko kirudi chini. Bawaba zingekuwa nyuma, upepo ungekipandisha ukaking'oa. Vinavyokiinua ni vile vishokapu vya gesi vya mlango wa nyuma wa gari, viwili, vilivyonunuliwa kwa wauza spea za mtumba. Alivijaribu kwa kuning'iniza ndoo ya maji, akiongeza lita moja moja mpaka akajua kila kimoja kinabeba uzito gani.

Hapo kazi ikahamia barazani, kwenye cherehani ya mkewe. Pengo kati ya paa na kifuniko linazibwa kwa turubai: pembe tatu mbili za pembeni na ukuta mmoja wa nyuma wenye kimo cha sentimita 60. Mama alikataa turubai la plastiki. Alitaka la pamba, lile zito, kwa sababu nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kubana matundu ya sindano. Alikata kielelezo cha karatasi za magazeti kwanza, akakibandika garini kwa gundi ya karatasi, akakipunguza hapa na pale, ndipo akaweka mkasi kwenye kitambaa. Mshono wake ni wa kukunja mara mbili, kingo za vipande viwili zikiwa zimekumbatiana, kisha mistari miwili ya uzi wa poliesta. Aliongeza urefu wa hatua ya mshono. Matundu yaliyobanana, alinieleza, hugeuza mshono kuwa mstari wa kuchania, na turubai likivutwa kila siku litafuata mstari huo. Alipomaliza alilimwagia maji, akalianika, akalimwagia tena, livimbe na kujikaza kabla ya kukutana na mvua ya kweli.

Kuhusu joto na baridi nitasema kwa ufupi. Pumzi na jasho la watu wawili kwa usiku mmoja hutoa maji ya kujaza glasi, na maji hayo hutafuta bati la baridi yakagandamana nalo. Sufi ya kioo huyanywa ikayatunza pale pale karibu na chuma. Mzee alitumia sponji yenye vijishimo vilivyofungwa, isiyonyonya, akaigandisha kwenye bati lote bila kuacha nafasi ya hewa nyuma yake. Sehemu moja tu aliiacha tupu: chini ya milango. Kule kuna matundu madogo ambayo kiwanda kiliyatoboa ili maji yanayopita kwenye mpira wa kioo yatoke. Wengi huyaziba wakidhani wanazuia vumbi, na milango yao huoza kutoka ndani. Yeye aliyazibua kwa waya, moja moja, akamimina maji juu ya kioo kuhakikisha yanatiririka chini.

Umeme aliufanya akiwa ameketi, na daftari magotini. Friji ndogo ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 5. Kutoka betri hadi friji ni mita 4, kwenda na kurudi 8. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba ungepoteza karibu volti 0.3 njiani, na friji za namna hii hujizima zikiona volti imeshuka, hata kama betri bado ina chaji. Waya wa milimita 6 za mraba hupoteza volti 0.12 tu. Ni ghali zaidi, lakini aliununua huo. Kila kichwa cha waya alikibana kwa koleo lake maalumu, kisha akauvuta kwa nguvu zote. Kimoja kilichomoka mkononi. Alikikata, akakitupa, akabana kingine.

Fyuzi kuu aliiweka umbali wa shibiri moja kutoka kwenye betri. Watu hudhani fyuzi hulinda friji au taa. Kazi yake hasa ni kulinda waya: betri ikipata njia ya mkato inaweza kusukuma mamia ya ampea, na waya uliochubuka ukigusa bodi hugeuka kiberiti ndani ya ukuta wa mbao. Kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, kwa hiyo kinatakiwa kiwe kifupi kabisa. Na kila waya unapopita kwenye bati, tundu lake limevalishwa kipete cha mpira. Nilihesabu kwa macho nikaona hakuna lililosahauliwa, hata lile la nyuma ya kabati ambalo hakuna mtu atakayeliona tena.

Kabati na kitanda ni plaiwudi ya milimita 12, na vyote vinatoka. Mwaka 1951 Westfalia ya Ujerumani ilianza kutengeneza sanduku la kambi la kuwekwa ndani ya Volkswagen, ambalo mwenye gari aliliondoa siku za kazi akabeba mizigo. Mzee amefikia wazo hilohilo kwa njia yake: bolti nne zikifunguliwa, gari linabeba magunia ya mahindi ya ndugu zake. Palipo mbao na bati amebandika kitambaa kizito ili zisisuguane. Droo zina mdomo kwa chini; lazima uinyanyue kidogo ndipo itoke, kwa hiyo haifunguki kwenye kona. Mtungi wa gesi unakaa kwenye sanduku lake lisilo na upenyo wa kuingia ndani, lenye tundu sakafuni, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka. Maungio ya mpira wa gesi aliyapima kwa povu la sabuni.

Kila nati alipomaliza kuikaza aliichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe, unaoanzia kwenye nati ukaishia kwenye bati. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Kisha wakatoka, yeye na mkewe mbele, mimi nyuma kwenye kitanda, tukaifuata barabara ya vumbi yenye rasta. Aliendesha polepole, kisha kwa kasi, kisha polepole tena, akisikiliza. Tuliporudi alichukua tochi akalala chini ya gari, akaanza kukagua mistari kwa mpangilio kuanzia mbele kushoto. Mingi ilikuwa imenyooka vilevile. Kwenye mguu wa nyuma wa kabati, mstari ulikuwa umekatika kwa unene wa ukucha. Aliitoa nati ile, akaweka nyingine yenye pete ya nailoni ndani, akaikaza, akaomba kopo la rangi. Kisha akahamia nati inayofuata.